Picha za Chooni kwa Mtoto Mwenye Usonji: Tuliyojifunza Mwambao wa Ziwa

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya kamati za maendeleo na diakonia za sharika za mwambao, Kigoma mjini. Tunaichapa hapa kwa ajili ya sharika na wafadhili ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Tumepewa nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo kwa desturi yetu halisemwi mbele za watu, nalo ni choo. Tunaomba radhi mapema, kwa sababu hatutatumia mafumbo. Mzazi anayeishi na shida hii kila siku hana nafasi ya mafumbo, na kamati ikiona haya kulitaja jambo haitaweza kulisaidia.

Tuanze na mama mmoja wa Kibirizi. Kazi yake ni kuanika dagaa pale ufukweni. Ana mtoto wa kiume wa miaka 9 mwenye usonji. Mtoto huyu hasemi, na alikuwa anajisaidia popote haja inapomkuta. Asubuhi moja alijisaidia kwenye mchanga pale pale wanawake walipoanika dagaa wao. Mzigo wa watu watatu ukatupwa. Wenzake wakamwambia achague: mtoto abaki nyumbani, au yeye mwenyewe atafute ufukwe mwingine. Tangu siku hiyo akawa anamfungia mtoto ndani kwa kufuli alfajiri, anakwenda kuwahi mitumbwi, halafu anarudi saa nne kumfungulia. Tulipofika mara ya kwanza kufuli lilikuwa mlangoni na mtoto alikuwa ndani.

Ndugu wajumbe, tusiwahukumu haraka wale wanawake wa dagaa. Watu wa mwambao huu wanakijua kipindupindu. Mwezi wa Mei 2015, wakimbizi wengi kutoka Burundi walipokusanyika Kagunga, ugonjwa ulilipuka, na wengi wetu tunakumbuka wale walioletwa Kigoma kwa meli ya MV Liemba. Mtu aliyeona hayo akiogopa kinyesi mchangani si mtu mwenye roho mbaya. Wala mama yule si mkatili. Alikuwa na watoto wengine wa kulisha, na hakuna aliyekuwa amemwonyesha njia nyingine.

Mtoto huyo alishapelekwa kuandikishwa shule. Akarudishwa, mama akaambiwa amlete "atakapojua choo". Maneno hayo wazazi wengi wamesikia. Kwa mtoto mwenye usonji, kutojua choo kunamfungia shule, kunamfungia Shule ya Jumapili, kunamfungia msiba na harusi ya ndugu zake. Ndiyo maana mradi wetu ulianzia hapo.

USONJI NI NINI?

Usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo ambayo mtoto anazaliwa nayo. Unagusa namna anavyowasiliana na watu, na namna anavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso. Wengine hawasemi kabisa. Wengine husema sana lakini juu ya jambo moja tu. Wengi hupenda mambo yaende vilevile kila siku, na hufadhaika sana yakibadilika. Daktari Leo Kanner aliuelezea mwaka 1943 akiwa Baltimore, Marekani, na Hans Asperger akaandika juu ya watoto wa namna hiyo huko Vienna mwaka 1944. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hiyo wapo katika kila usharika, hata kama hatuwaoni ibadani.

Huku kwetu mama huulizwa alimkosea nani, au alikula nini akiwa mjamzito, au ni mizimu ya upande gani. Tusidhani kwamba ni Afrika tu. Katika miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wengi wa Marekani na Ulaya walifundisha kwamba usonji unaletwa na mama asiye na upendo kwa mwanawe. Walikosea, na akina mama wengi waliumizwa bure. Leo inajulikana kuwa usonji hautokani na malezi, wala laana, wala dhambi ya mtu. Tunaomba jambo hili litamkwe wazi katika sharika zetu, na wachungaji wawe wa kwanza kulitamka.

KOSA TULILOANZA NALO

Tunapaswa kuwaambia ukweli, hasa wafadhili wetu. Awamu ya kwanza tulikosea. Tulipata michoro mizuri ya rangi kutoka ng'ambo, tukaichapa, tukaipeleka kwenye nyumba za Gungu, Katonga na Ujiji tukiwa tumefurahi. Ilimwonyesha mtoto akikaa kwenye choo cheupe cha kukaa, akivuta karatasi, kisha akibonyeza maji. Wiki tatu baadaye hakuna mtoto aliyebadilika. Bibi mmoja wa Ujiji ndiye aliyetufungua macho. Alisema: "Wanangu, kitu hiki mjukuu wangu hajawahi kukiona. Mmemwonyesha kiti, halafu mnampeleka kwenye shimo."

Alikuwa na haki. Watoto wengi wenye usonji huchukua kitu kama kilivyo. Picha ya choo kisicho cha kwao haiwaambii kitu. Choo chetu ni cha shimo, cha kuchuchumaa, na watu wetu wengi hujitawaza kwa maji ya kopo. Picha za mtoto wa Kigoma lazima zionyeshe hayo.

KWA NINI PICHA?

Neno likishatamkwa limepita. Mtoto aliyechelewa kulipokea hawezi kulirudia. Picha inabaki pale pale na inamngoja. Watoto wengi wenye usonji huelewa vizuri zaidi wanachokiona kuliko wanachoambiwa. Katika jimbo la North Carolina, Marekani, Eric Schopler na wenzake walijenga juu ya jambo hilo mpango wa TEACCH, ambao bunge la jimbo hilo liliuidhinisha mwaka 1972. Mwaka 1985, huko Delaware, Andy Bondy na Lori Frost walianzisha njia ya kumfundisha mtoto asiyesema kuomba kitu kwa kumkabidhi mtu picha. Njia hizi hazihitaji umeme wala jengo. Zinahitaji uvumilivu, na watu wote wa nyumbani kufanya jambo moja kwa namna moja. Hata ndani ya kanisa letu si jambo geni. Huko Lushoto, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ina Irente Rainbow School kwa watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Lakini Lushoto ni mbali na Kibirizi, na mtoto anahitaji choo leo.

HATUA TUNAZOFUATA

Kwanza, tunachunguza. Kwa siku 7 mama au dada anamwangalia mtoto kila baada ya saa moja na kuweka alama kwenye karatasi: nukta kwa haja ndogo, duara kwa haja kubwa. Hata asiyejua kusoma anaweza. Mwisho wa wiki karatasi inasema yenyewe. Mtoto wa Kibirizi alionekana kupata haja kubwa muda mfupi baada ya uji wa asubuhi, yaani wakati ule ule mama alipokuwa ufukweni.

Pili, tunauliza habari za tumbo. Watoto wengi wenye usonji huchagua vyakula vichache sana, na wengi hufunga choo. Mtoto anayeumia akienda haja ataikimbilia mbali. Ikiwa choo ni kigumu, au siku tatu zinapita bila kitu, tunampeleka zahanati kwanza. Kumfundisha kabla ya kumtibu ni kumtesa.

Tatu, tunakitengeneza choo. Ingieni katika choo cha shimo kwa macho ya mtoto: giza, nzi, harufu, na tundu ambalo mguu wake unaweza kuzama. Akipiga kelele na kukimbia, hafanyi utundu, anaogopa. Fundi seremala anaweza kutengeneza kifuniko cha ubao chenye tundu dogo la kiasi cha mtoto. Tunachora nyayo mbili kwa rangi ili ajue pa kukanyaga. Tunaweka mti wa kushikilia ukutani, tunatoboa nafasi juu ili mwanga uingie, na tunamwaga majivu kupunguza harufu. Mara nyingine hayo peke yake yamemaliza nusu ya shida.

Nne, tunatengeneza kadi. Tunapiga picha kwa simu: mlango wa choo chake mwenyewe, nyayo alizochorewa, kopo lake, kaptula yake, kibuyu chirizi chake cha kunawia. Duka la kutoa kopi mjini linazichapa. Tunazibandika kwenye vipande vya katoni na kuzifunika kwa selotepu pana ili zisilowe. Mpangilio ni huu, kutoka juu kwenda chini: choo, shusha kaptula, chuchumaa, jitawaze, vaa, nawa mikono. Ya mwisho chini ni picha ya kitu anachokipenda. Kadi zinaning'inizwa kwenye kamba kwa vibanio vya kuanikia nguo, usawa wa macho ya mtoto na si ya mtu mzima. Akimaliza hatua anabandua kadi na kuitumbukiza kwenye kopo tupu. Hivyo anaona kazi ikipungua na anajua itakapoishia.

Wapo watoto ambao picha bado haiwaingii. Hao tunaanza nao kwa kitu chenyewe. Kila safari ya choo mtoto anakabidhiwa kopo mkononi. Baada ya muda kopo linakuwa ndilo neno la choo, na baadaye tunaweka picha ya kopo mahali pake.

Tano, tunampeleka kwa saa yake. Hatumwulizi "unataka kwenda chooni?" maana swali hilo wengi hawawezi kulijibu. Tunamwonyesha kadi, tunasema neno moja tu, "Choo", tunakwenda. Dakika mbili au tatu zinatosha. Asipopata kitu anavaa na kuondoka bila ugomvi. Akipata, anapewa zawadi hapo hapo: kipande cha ndizi, kupigiwa makofi, kuchezea mpira. Zawadi ya jioni hataiunganisha na jambo la asubuhi.

Sita, akijichafua hapigwi wala hazomewi. Anasafishwa kimya, anaonyeshwa kadi, basi. Hili ndilo gumu kuliko yote, na tunawasihi akina baba mtusaidie. Mtoto aliyepigwa kwa sababu ya haja hujifunza kujificha, na akijificha kazi yote inaanza upya.

Saba, tunaondoa mkono wetu polepole. Lengo ni mtoto mwenyewe alete kadi ya choo anapohitaji. Wa Kibirizi alifanya hivyo mara ya kwanza mwezi wa tano. Alikwenda akamwekea mama yake kadi kwenye ungo wa dagaa. Mama anasema aliacha ungo na kukimbia naye, na dagaa wakaliwa na kunguru, na hakujali.

ZIWA LILIPOPANDA

Tuna jambo moja la huku kwetu ambalo tulijifunza wenyewe. Maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda sana mwaka 2020 na 2021, nyumba na vyoo vya karibu na ufukwe viliingiliwa na maji. Familia moja ya mwambao ikahamia chumba cha kupanga mlimani, upande wa Mwanga. Binti yao mwenye usonji, ambaye alikuwa amefuzu kabisa, akagoma choo kipya na kuanza kujichafua. Ndugu wakasema amerudi nyuma, mradi umeshindwa.

Hakuwa amerudi nyuma. Kadi zake zilikuwa na mlango wa bati la bluu, na choo kipya kilikuwa na mlango wa mbao. Kwa macho yake, choo kilichoahidiwa hakikuwapo. Tulipiga picha mpya, tukaziweka juu ya zile za zamani, tukachora nyayo zile zile kwa rangi ile ile. Baada ya majuma machache alitulia. Tangu hapo tuna kanuni: familia ikihama, kadi zinabadilishwa siku ile ile. Kadhalika, kabla mtoto hajaanza shule tunapiga picha ya choo cha shule, na kabla hajaja ibadani tunapiga picha ya choo cha usharika. Sharika zetu zenye vyoo visivyofaa kupigwa picha zijitafakari.

HESHIMA NA USALAMA

Tunaomba mtusikilize kwa makini hapa. Mtoto asiyesema na anayehitaji kuvuliwa nguo yuko katika hatari ya kuonewa, naye hawezi kusimulia. Kwa hiyo kila nyumba inataja watu wawili, wasiozidi watatu, wanaoruhusiwa kumsaidia chooni, na picha zao zinawekwa kwenye kamba pamoja na kadi. Mlango hufungwa. Msichana anapokaribia kuvunja ungo, mama anaanza mapema kumwonyesha kadi za kitambaa chake na namna ya kukibadilisha, asije akashtushwa na damu.

Na kwa wafadhili wetu, kwa upendo: mwaka hadi mwaka tunaombwa picha za walengwa. Hatutatuma picha ya mtoto akiwa chooni wala akielekea chooni, hata akiwa amevaa. Kadi zetu zina mlango, kopo na nyayo, hazina mwili wa mtoto. Mtu akitaka kuona kazi, tutampelekea picha ya kamba yenye kadi sita. Tunajua haivutii kama picha ya kisima au ya gurudumu jipya la kiti. Lakini mtoto huyu atakuwa mtu mzima siku moja, na picha zitakuwa bado zipo.

TUNAOMBA NINI?

Kwa kamati za sharika tunaomba mambo manne. Moja, tafuteni watoto waliofungiwa. Msianze kwa kuuliza "nani ana mtoto mgonjwa", anzeni kwa kumtembelea mama ambaye haonekani tena. Mbili, kila usharika utoe fundi mmoja kwa siku moja, kwa ajili ya kifuniko cha ubao na nyayo. Tatu, Umoja wa Wanawake upange zamu ya kukaa na mtoto zile saa za alfajiri. Kufuli la Kibirizi halikufunguliwa na kadi peke yake. Lilifunguliwa kwa sababu mama jirani, Mwislamu, si mshirika wetu, alikubali kumpa uji na kumwonyesha kadi saa moja asubuhi mpaka mama yake atakaporudi. Nne, mwende pamoja na mzazi shuleni. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya elimu kama wengine. Mzazi akienda peke yake hurudishwa, lakini akienda na mchungaji na mjumbe wa kamati huketishwa kwenye kiti.

Kwa wafadhili tunaomba muda. Kadi zenyewe ni gharama ndogo sana. Gharama kubwa ni mafuta ya pikipiki na mtu wa kurudi nyumba ile ile wiki baada ya wiki, kwa miezi. Mradi wa miezi mitatu utamwacha mtoto katikati ya kamba.

Wala hatuahidi kwamba wote watafuzu. Yule wa Kibirizi sasa anajimudu mchana, usiku bado analowesha, na shule imekubali aje siku tatu kwa wiki kwa majaribio. Upande wa Katonga tuna mtoto wa miaka 12 ambaye tumehangaika naye mwaka mzima, na mpaka leo kopo bado analirusha. Tutarudi kwake juma lijalo. Mama yake alituambia kitu ambacho tungependa kukiacha kwenu. Alisema hata kama mwanawe hatajua choo, tangu tulipoanza kuja kuna watu wanaobisha hodi kwake.

Mama wa Kibirizi amerudi kwenye nafasi yake ufukweni, katikati ya wenzake. Kufuli ametupa sisi, na tumelileta hapa leo, liko mezani. Atakayetoka apite alione. Kisha tukubaliane ni usharika gani utaanza.